Fundi wa Spika Anajibu: Metali mpya na uzito uliopotea

Toleo lililopita niliandika kwamba albamu nyingi za hevi metali zinazotoka miaka hii zina sauti kubwa na uzito mdogo. Barua zilizofuata zilikuwa na moto, na nazishukuru zote. Kwa msomaji mgeni: karakana yangu iko Barani, hapa Malindi. Nafunga upya koili, ule waya uliozungushwa ndani ya spika, za spika za harusi, za matatu, na honi za misikiti. Metali niliijua kwenye meza hiyo hiyo ya kazi, kwa kaseti alizoniachia Mwitaliano mmoja aliyekuja kutengenezewa deki, na tangu siku hizo sijaiacha.

SWALI: Fundi, mimi naendesha boda hapa mjini na nimewasikiliza Metallica tangu darasa la saba. Ulisema albamu yao 72 Seasons imekuchosha. Wale ni wazee wetu katika muziki huu. Kuwasema hivyo huoni ni kukosa adabu? (Mwendesha boda, Maweni)

JIBU: Ndugu yangu, kumheshimu mzee si kumwambia kila alichopika ni kitamu. Metallica wamenilea. Ndiyo maana nawasikiliza kwa makini, na ndiyo maana nasema.

72 Seasons ilitoka Aprili 2023. Ina nyimbo 12 na inakwenda dakika 77. Wazo lake ni zuri: miaka 18 ya kwanza ya maisha ya mtu, misimu 72, na yale ambayo miaka hiyo inamfunga nayo mpaka uzeeni. Mwimbaji wao James Hetfield anaimba mambo yanayomuuma kweli, na besi ya Robert Trujillo yasikika vizuri, jambo ambalo mpiga besi wa albamu yao …And Justice for All ya 1988 hakulipata. Wimbo Lux Æterna unaingia, unapiga, unatoka kwa dakika tatu na ushei, na ndio bora wa albamu nzima. Zilizobaki? Kila rifu nzuri, yaani kipande cha gitaa kinachobeba wimbo, inarudiwa mpaka inapoteza makali yake, kisha inarudiwa tena. Hakuna mtu ndani ya studio ile aliyethubutu kusema: hapa tukate.

Usiniambie metali ni nyimbo ndefu. Albamu yao Master of Puppets ya 1986 ina nyimbo nane, haifiki saa moja, na wimbo wenye jina la albamu unapita dakika nane. Ndani ya dakika hizo nane kuna shambulio, kuna katikati penye utulivu ambapo gitaa linaimba peke yake, halafu shambulio linarudi na wewe umeshasahau kujikinga. Urefu ule umefanyiwa kazi. Urefu wa 2023 umeachwa tu uwe.

Kama wataka kuona wazee wanaojua kukata, sikiliza Invincible Shield ya Judas Priest, ya Machi 2024. Bendi hii ilianza 1969. Rob Halford alikuwa na miaka 72 albamu ilipotoka, na bado anapanda juu kwa sauti mpaka twita yangu ya majaribio, ile spika ndogo ya sauti za juu, inalia. Glenn Tipton, mpiga gitaa wao, alitangaza 2018 kwamba ana maradhi ya Parkinson, na bado mkono wake umo. Nyimbo 11, chini ya saa moja, hakuna inayozurura. Hao nao ni wazee, na hawa nawasifu bila kulazimishwa na mtu.

SWALI: Fundi, nina seti ya muziki ya kukodisha. Wufa zangu, spika kubwa za besi, zinapiga taarab na chakacha usiku kucha kwenye harusi, sina shida. Nikiwa nyumbani nikaweka metali mpya, nusu saa tu koili inaanza kunuka, na sauti sijapandisha kuliko ya harusi. Ni spika mbovu au ni muziki? (Mwenye seti, Mambrui)

JIBU: Ni muziki, tena swali lako ndilo lililonifanya niandike toleo lililopita.

Sauti ni wimbi, lina vilele na mabonde. Kwenye taarab iliyorekodiwa vizuri, ngoma ikipigwa kilele kinapanda mara moja, kisha wimbi linashuka na koili inapata kupoa. Albamu nyingi za metali za leo zimebanwa studio: sauti ndogo zimepandishwa, kubwa zimekatwa vichwa, mpaka wimbi zima likakaa karibu na dari tangu sekunde ya kwanza hadi ya mwisho. Sasa wewe unaangalia vilele, unaona ni vile vile vya harusi. Koili haijali vilele. Joto la koili linafuata wastani wa nguvu, na wastani wa muziki uliobanwa ni mkubwa mara kadhaa. Ongeza hapo amplifaya ndogo iliyosukumwa mpaka mwisho, ambayo nayo inakata vichwa vya mawimbi kwa upande wake, basi twita inatangulia kufa na wufa inafuata. Tafuta amplifaya yenye nguvu ya ziada, iendeshe bila kuifikisha mwisho, na taa nyekundu ikianza kuwaka, shusha. Usingoje harufu.

Lakini spika ikiungua nitaifunga upya. Wimbo ukiungua hakuna fundi. Pigo la dramu huonekana zito kwa sababu kabla yake palikuwa na kimya, hata cha nukta moja. Ukiijaza ile nafasi, pigo halina pa kuangukia. Pilau ikizidi bizari, nyama huionji tena, na huwezi kuichota bizari ukaitoa. Mashabiki wa Metallica waliligundua hili 2008, albamu yao Death Magnetic ilipotoka imebanwa mno: nyimbo zile zile zilikuwemo kwenye mchezo wa kompyuta wa Guitar Hero bila kubanwa kiasi kile, na watu wakasikia kwa masikio yao kwamba za mchezo zina pumzi na za sidii hazina. Zimepita zaidi ya miaka kumi na tano, na bendi changa bado zinafanya yale yale. Na sababu ya zamani haipo tena! Huduma za kusikiliza muziki kwenye intaneti, Spotify mojawapo, zinashusha albamu yenye sauti kubwa ili ilingane na nyingine. Umebana, umeua pumzi, kisha umeshushwa. Umepata nini?

Jambo la pili ni dramu. Siku hizi mtu anapiga dramu studio kwa jasho lake, halafu kila pigo linaondolewa na kuwekwa sauti moja iliyorekodiwa zamani, na kompyuta inasogeza kila pigo likae juu ya mstari. Mapigo mia tatu, yote mapacha. Bendi kumi kutoka nchi kumi, dramu moja. Mimi sichukii kompyuta, inanisaidia kupima spika kila siku. Nachukia kusikiliza mpigaji ambaye ameshafutwa.

Nitasema neno ambalo wengi litawakera: ile dramu ya St. Anger, albamu ya Metallica ya 2003, ambayo mpiga dramu wao Lars Ulrich aliilegeza nyaya za chini ikawa yalia kama debe, dramu iliyochekwa dunia nzima, naipenda kuliko dramu za albamu nyingi nilizopewa kusikiliza mwaka huu. Inaumiza sikio, sawa. Lakini ukiisikia unajua ni nani, alikuwa chumba gani, na siku ile alikuwa na hasira gani.

SWALI: Habari Fundi. Mimi ni mwanafunzi, napenda sana Sleep Token. Wavulana wa darasani wananiambia si metali na mimi si shabiki wa kweli. Naomba unisaidie kuwajibu. (Dada wa Kilifi)

JIBU: Dada yangu, waambie shabiki wa kweli ni yule anayesikiliza. Jambo la kwanza limekwisha hapo, na mtu yeyote anayemfanyia msichana mtihani kabla ya kumruhusu apende bendi hajui muziki huu ulitengenezwa na watu waliofukuzwa kila mahali.

Sasa Sleep Token wenyewe. Albamu yao Even in Arcadia, ya Mei 2025, iliingia namba moja kwenye Billboard 200, orodha ya albamu zinazoongoza Marekani, na mwimbaji anayejiita Vessel ana sauti ambayo ningeitambua popote. Mpiga dramu wao, anayejiita II, ni hodari wa kweli, mikono yake yasikika. Barakoa wanazovaa hazinisumbui hata kidogo. Ugomvi wangu uko kwenye gitaa. Linasubiri nje. Piano inaimba, mdundo wa kistarabu wa kucheza unapita, kisha kuelekea mwisho gitaa linaitwa ndani, linapiga kelele, linatolewa. Liondoe kabisa, wimbo hautaumia. Gitaa ambalo wimbo hauumii likiondoka halikuwa na kazi pale.

Jaribu Spiritbox wa Canada, Tsunami Sea, ya Machi 2025. Courtney LaPlante anaimba kwa sauti laini na anapiga ukelele ndani ya wimbo mmoja, na kila kimoja kinamjibu mwenzake. Ondoa ukelele, wimbo unaanguka. Kisha rudi kwa Sleep Token wako na usikilize upya, na kama bado wawapenda, wapende kwa sauti.

Wavulana hao hao wameniandikia pia kuuliza kuhusu bendi ya Ghost. Nyimbo tamu, za kuimba ukiwa jikoni, na Skeletá ya 2025 ina kadhaa za aina hiyo. Uzito hawakuwahi kuahidi.

SWALI: Assalaam aleikum Fundi. Mwanangu wa kidato cha tatu ameacha kila kitu, kutwa vifaa vya masikio na muziki wa kunguruma. Madaftari ameyajaza mafuvu. Majirani hapa Langoni waniambia ni muziki wa shetani, nimkataze. Naogopa kumkataza na naogopa kumwacha. (Mama, Lamu)

JIBU: Waaleikum salaam, mama yangu. Mimi si sheikh, na ya dini utamuuliza anayeyajua. Ya muziki nitakwambia kama yalivyo, mazuri na mabaya.

Mabaya yapo. Mapema miaka ya 1990, vijana wachache wa bendi za Norway walichoma makanisa ya mbao ya kale, likiwemo la Fantoft pale Bergen mwaka 1992, na mauaji yakatokea kati yao. Ilikuwa jinai, wakafungwa. Ziko bendi mpaka leo zinazotukana dini kwa makusudi, na mimi mwenyewe sizipigi karakanani. Akikwambia mtu hazipo, anakuficha.

Mengi zaidi hayako hivyo. Bendi iliyoanzisha yote, Black Sabbath, ina wimbo wa 1970 unaowalaani wakubwa wanaowapeleka watoto wa maskini vitani, na mwingine wa 1971 unaomtaka mtu amkumbuke Mungu kabla hajafa. Mafuvu ni picha tu, wachoraji wa bendi hizi wanayapenda. Na nataka umwonyeshe mwanao, au akuonyeshe yeye, Voice of Baceprot. Ni wasichana watatu Waislamu wa Garut, Java Magharibi, Indonesia, wanaopiga metali wakiwa na hijabu zao kichwani. Walianza 2014 wakiwa shuleni, wakisaidiwa na mwalimu wao. Walipigwa vita na watu wa kwao wenyewe. Wakatunga wimbo wa kumwomba Mungu awaruhusu kupiga muziki, na Juni 2024 wakawa bendi ya kwanza ya Indonesia kupanda jukwaa la tamasha la Glastonbury, Uingereza. Albamu yao Retas ni ya 2023. Si ukamilifu, kuna nyimbo mle ambazo gitaa lingehitaji kutulia, lakini besi ya Widi inatembea kwa kiburi na kila pigo lina mtu nyuma yake.

Kaa naye mama. Mwambie akusomee maneno ya wimbo anaoupenda na akueleze. Akiona haya kuyasoma mbele yako, mmeshapata pa kuanzia mazungumzo. Akiyasoma bila haya, utajua kinachomsumbua mwanao kwa haraka kuliko kumhoji.

Kitu kimoja ambacho mimi ningekikataza moja kwa moja ni sauti kubwa ya vile vifaa vya masikio. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto asipite desibeli 75 kwa saa 40 za wiki nzima, na mtu mzima 80. Simu nyingi zina mahali pa kuweka kikomo. Weka. Nimewahudumia maderva wa matatu ambao hawasikii tena ndege wakiimba, na masikio hayafungwi upya.

SWALI: Gojira, bendi ya metali ya Ufaransa, kupiga kwenye ufunguzi wa Olimpiki Paris, mbele ya marais, si ndiyo mwisho wa uasi? (Msomaji, Watamu)

JIBU: Hapana. Tarehe 26 Julai 2024 walisimama kwenye madirisha ya Conciergerie, gereza alilofungwa malkia Marie Antoinette, wakapiga wimbo wa mapinduzi pamoja na mwimbaji wa opera Marina Viotti, na mwigizaji wa malkia huyo aliyekatwa kichwa akiimba dirishani. Mbele ya marais! Mwaka uliofuata wakapewa Grammy kwa kazi ile. Uasi gani mwingine ulitaka?

SWALI: Fundi, sisi ni watatu. Mimi nina gitaa la umeme, mwenzangu anapiga kayamba, na wa tatu babu yake anapuliza nzumari kwenye ngoma za Kigiriama, naye amejifunza. Twataka bendi ya metali. Tunaimba Kiingereza ili tufike mbali, na nzumari tutaiweka mwanzo wa kila wimbo ili watu wajue tumetoka wapi. Unasemaje? (Vijana wa Kakuyuni)

JIBU: Nimefurahi mpaka nimesimama. Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu mko karibu kuharibu.

Nzumari ya mwanzo wa kila wimbo ni nguo ya kumpokelea mgeni. Inapulizwa nusu dakika, inanyamaza, kisha mnaanza kupiga kama watu wa Texas. Wapo wengi wanaofanya hivyo na siku hizi inauzika. Bloodywood wa India, ambao nawapenda na ambao walitoa Nu Delhi Machi 2025, wana nguvu pale dhol, ngoma ya kwao, inapobeba wimbo mzima mgongoni, na wanapungua pale filimbi inapokuja kama pambo. Sikilizeni tofauti hiyo ndani ya albamu moja, itawafunza zaidi ya maneno yangu.

Halafu wasikilizeni Arka'n Asrafokor wa Lomé, Togo. Albamu yao Dzikkuh, ya 2024, ina Kiewe, lugha ya kwao, ndani ya koo la metali, na ngoma za kwao hazikuja kupamba, ndizo zinazoamua gitaa liangukie wapi. Ukiziondoa, gitaa linapotea njia. Alien Weaponry wa New Zealand wanaimba kwa Kimaori, lugha ambayo wasikilizaji wao wengi hawaijui, na wamefika majukwaa makubwa ya Ulaya. Kiingereza hakikuwafikisha.

Hapa Kenya msione kwamba mnaanza jangwani. Nairobi imekuwa na bendi za metali kwa miaka. Duma, vijana wawili, walitoa albamu 2020 kwa Nyege Nyege Tapes, lebo ya muziki ya Uganda, na ile si ya kusikiliza ukiwa umechoka: mashine, ukelele, mdundo unaokimbia mpaka unakatika. Mmoja wao, Lord Spikeheart, akatoa The Adept mwaka 2024, akamtunuku bibi mzaa bibi yake, Muthoni wa Kirima, yule shujaa wa Mau Mau aliyekaa msituni akafuga rasta zake. Nina maoni magumu kuhusu albamu hiyo: kuna sehemu imejaa mno hata sipati pa kushika. Lakini kila nikiipiga, wateja wananyamaza wanauliza huyu ni nani, na hakuna albamu ya Marekani ya mwaka ule iliyonifanyia hivyo.

Kwa hiyo ninyi, chukueni chakacha. Inahesabiwa sita, na gitaa zito likiangukia kwenye hesabu hiyo halisikiki kama la mtu yeyote. Iwekeeni kayamba maiki yake peke yake, karibu, kwa sababu mchakarisho wake unakaa pale pale juu ambapo sahani za dramu zinakaa, na mkiwa na vyote viwili vitafunikana. Mimi ningeondoa sahani. Nzumari ina sauti kali ya puani inayokata ukuta wa gitaa bila hata kuongezwa nguvu, basi ipeni nafasi ambayo bendi nyingine zinampa mpiga gitaa wa kwanza: itoe rifu, ibishane na mwimbaji, imalize wimbo. Muulizeni babu yenu hewa anaivuta wapi, mjue urefu wa sentensi zake kabla hamjatunga.

Na maneno: hamna haja ya kuazima. Kipande cha utenzi ni mizani nane, nacho kinakaa juu ya rifu kana kwamba vilizaliwa pamoja. Wazee wa Pate walitunga tenzi za vita zenye damu na panga kuliko bendi yoyote ya Sweden. Tungeni zenu kwa Kiswahili au Kigiriama, kuhusu kitu kinachowakera kweli hapo Kakuyuni. Siku mkiwa tayari njooni Barani, amplifaya nitawapa ya kujaribia, bila malipo.

SWALI: Mimi ni mpishi hotelini Casuarina. Wageni wetu wengi ni Waitaliano wa makamo na baadhi yao wanaomba metali ya kwao saa za jioni. Nipige nini? (Mpishi)

JIBU: Lacuna Coil wa Milano, Sleepless Empire ya Februari 2025, haitamfukuza mtu mezani. Wageni wakishakula, wapigie Opera ya Fleshgod Apocalypse wa Perugia, ya Agosti 2024. Mwimbaji wao Francesco Paoli alianguka mlimani 2021 akaumia vibaya, na albamu nzima ni safari ya kurudi kutoka kitandani. Kuna sauti ya opera ya Veronica Bordacchini juu ya kunguruma kwake. Imebanwa kuliko ningependa, lakini nimeisamehe kwa sababu hadithi ni ya kweli na anaiimba kama mtu anayetaka kuishi.

SWALI: Ozzy amekufa. Megadeth na Sepultura wametangaza ziara za kuaga. Nahisi metali inazikwa na mimi nimechelewa kuzaliwa. (Kijana, Shela ya Malindi)

JIBU: Pole, mwanangu. Mimi pia niliumia. Tarehe 5 Julai 2025 Ozzy Osbourne alikaa kwenye kiti cha enzi uwanja wa Villa Park, Birmingham, mji wao, akaimba na wenzake watatu wa mwanzo wa Black Sabbath kwa mara ya mwisho, na tarehe 22 mwezi huo huo akafariki akiwa na miaka 76.

Lakini nikukumbushe muziki huu ulianzaje, maana watu wanadhani ulianza kwa kelele. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 kiwandani Birmingham, siku yake ya mwisho kazini, mashine ya kukatia bati ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, ule anaobania nyuzi. Akaambiwa hatapiga tena. Akayeyusha chupa ya plastiki akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavivisha ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba, na baadaye akalegeza nyuzi zishuke chini zisimuumize. Zikashuka chini, sauti ikawa nzito. Ule uzito ambao kila bendi ya leo inautafuta kwa gitaa la nyuzi nane na programu za kompyuta ulitoka kwenye mkono ulioumia ukatafuta njia. Msikilize kwenye albamu ya kwanza ya Sabbath, ya Februari 1970: anapiga sauti tatu, anangoja. Kile kingojeo ndicho kinachotisha.

Kwa hiyo mzee akifa, kinachozikwa ni mzee. Mkono mwingine utaumia mahali fulani na kutafuta njia yake. Kazi yako wewe kijana ni kuacha kuwatukuza waliokufa kwa muda wa kutosha kusikia nani anapiga leo.

SWALI: Bando langu ni dogo. Nitajie albamu mpya moja tu ya kupakua, nzito kweli, nitakayoisikiliza baharini usiku. (Mvuvi, Ngomeni)

JIBU: Absolute Elsewhere, ya Blood Incantation wa Denver, Marekani. Ilitoka Oktoba 2024. Ni nyimbo mbili tu, kila mmoja una sehemu tatu, dakika 43 na ushei zote pamoja, hivyo bando litatosha. Waliirekodi Hansa, studio ya zamani ya Berlin, na wamempa nafasi mpiga kinanda wa Tangerine Dream, bendi ya Ujerumani ya vinanda vya umeme, atawale sehemu ya katikati. Unakaa mle, unaelea, sauti ziko mbalimbali, unasikia dramu iko kushoto na chumba kiko nyuma yake. Kisha kunguruma kunarudi na unashika ubavu wa mashua. Wao wanaimba mambo ya nyota na watu wa kale, nawe umekulia karibu na majukwaa ya San Marco, ambako Waitaliano walirusha setilaiti kutoka baharini kuanzia 1967 mpaka 1988, pamoja na ile ya Uhuru ya Desemba 1970. Huhitaji mtu akueleze kuitazama anga.

Wako wanaosema sehemu ya katikati ni usingizi na bendi ya metali haina ruhusa ya kunyamaza dakika tano. Nimewasikia, sikubaliani nao hata kidogo. Tumia spika, hata ndogo, usitumie ya simu, kwa sababu ya simu haina besi na nusu ya albamu itakupita. Kama spika yako imepasuka koni, ilete kabla ya kusi kuanza, nikufungie, na uniandikie umeonaje ile sehemu ya katikati.